Nusu Mzunguko

Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Ngara imevaa ukungu
na Datsun yangu inakohoa.
Navuta choki. Nasubiri. Nawaomba majirani radhi kimoyomoyo.
Mara ya tatu inawaka, na kutema moshi mweusi
unaoelekea moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya Bi Zulekha,
naye, kama kila siku, anabamiza dirisha
bila kunitazama.

Kabureta mbili zimelala ubavuni mwa injini
kama wake wenza wasiosemezana:
huyu akishiba, yule anadai amenyimwa.
Nikipanda Limuru zinalewa, petroli tele, hewa haba.
Nikiteremka Kibwezi zinalia njaa.
Na hapa katikati, kwenye foleni ya Pangani,
zinafanya zipendavyo.

Chelimo wa Barabara ya Lusaka ana dawa.
Alifungua kompyuta juu ya ndoo ya rangi,
akanionyesha mistari inayopanda na kushuka kama homa.
"Injekta nne, pampu moja, sensa ya hewa.
Itajua yenyewe uko Limuru au Kibwezi.
Unawasha, unaondoka. Nguvu utaongeza,
petroli utapunguza, na mgongo wako utapumzika na boneti."
Hakuwa mwongo. Nilimwona akiwasha Escort ya mwaka sabini na nne,
ikaamka kama mtoto aliyeahidiwa safari.
Nikalipa nusu. Sanduku liko chini ya kitanda;
usiku naligusa kwa kisigino, nihakikishe bado lipo.

Odera sikuwa nimemwambia.

Fundi Odera hana kompyuta. Ana bisibisi
na kipande cha mpira wa gesi, urefu wa mkono.
Ncha moja kinywani mwa kabureta, nyingine sikioni,
anafumba macho, pale Grogan, katikati ya nyundo na wauza vioo,
anageuza skrubu kidogo, anairudisha,
anaigeuza tena.
Miaka kumi na tisa nimemlipa mtu huyu asikilize.

Nilipomwambia, hakununa.
Alifuta mikono kwa gazeti, kidole baada ya kidole.
"Weka hiyo injekta," akasema.
"Sikio la kushoto lilikufa Pasaka, la kulia linafuata.
Nimekuwa nikibahatisha."

Kumbe.
Nami nililaumu baridi, nikalaumu kituo cha petroli,
nikagombana na kijana wa watu juu ya plagi mpya,
na muda wote mzee alikuwa akitengeneza kimya
kwa kumbukumbu ya sauti.

Akaninyooshea mpira. "Haya, sikiliza wewe."

Ya kwanza: mtu anafyonza chai ya moto kwenye kisahani.
Ya pili: huyo alikuwa anasonya.
"Anasonya," nikasema.
"Kwa hasira au kwa dharau?"
Sikujua kuna tofauti. Ipo.
"Nusu mzunguko. Nusu! Hiyo ni robo tatu.
Una mkono wa karani, kila kitu unagonga muhuri."
Jua likapanda, likatuchoma visogo.
Nikarudisha, nikasikiliza, nikapotea, nikaanza upya,
mpaka ikafika saa ambayo sikuweza kusema
yupi ni yupi,
wawili wakifyonza chai ile ile.
Odera aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini,
akakiacha hapo. Hakusema kama ni sawa.

Chelimo ameuliza mara mbili nitaleta gari lini.
Ana haki. Hesabu naijua, ndiyo kazi yangu:
lita inanipeleka kilomita saba, vipuri vinaisha,
na masikio yangu nayo hayana dhamana.
Nimeandika: Jumamosi.
Sijatuma.

Leo imewaka mara ya pili, si ya tatu.
Moshi ulikuwa wa kijivu.
Bi Zulekha alifunga dirisha,
lakini taratibu.